Songea Mbano, akitazamwa kutoka ziwani

Alfajiri pale Lituhi sauti ya utingo hutangulia sauti ya mawimbi. Anapiga bati la basi kwa kiganja na kuita: "Songea! Peramiho, Songea!" Wanawake wanapandisha magunia ya usipa mkavu, harufu yake inaingia kwenye viti na kukaa humo hadi mwisho wa safari. Basi linauacha mdomo wa Mto Ruhuhu, linaipa mgongo Nyasa, linapanda kuelekea Kitai, kisha Peramiho, kisha mjini.

Jina analoliita utingo ni la mtu. Songea Mbano alikuwa askari, hakimu na mwanasiasa katika kijiji ambacho leo ni makao makuu ya mkoa wetu. Wajerumani walimuua mwaka 1906 na taifa linamhesabu miongoni mwa mashujaa wake, kwa haki kabisa. Lakini miaka 140 hivi iliyopita, jeshi la watu wake lilipoonekana likishuka vilimani, wenyeji wa ufukwe huu walikimbilia majini. Mimi naamini mambo haya mawili lazima yasimuliwe na mdomo mmoja, na kwamba sisi wa ziwani tuna sababu ya pekee ya kuyasimulia, kwa kuwa tumo katika historia ya mtu huyu kuliko tunavyodhani.

Tuanzie mbali kidogo, maana jeshi lililomlea Songea lilitoka mbali. Mwanzoni mwa karne ya 19 vita viliwatawanya watu wa kusini kabisa mwa Afrika. Kundi moja, la watu waliokuja kuitwa Wangoni, liliondoka likiongozwa na Zwangendaba, likaelekea kaskazini na ng'ombe wake, watoto wake na vita vyake. Tarehe ya kuvuka Mto Zambezi inajulikana kwa sababu siku hiyo jua lilipatwa: 20 Novemba 1835. Waliendelea kupanda hadi Ufipa, na huko Zwangendaba akafa miaka ya 1840. Kifo chake kililipasua kundi. Wana na majemadari wakagawana watu, kila mmoja akashika njia yake. Sehemu moja iliyomfuata Zulu Gama na wenzake ikateremka hadi nchi iliyo mashariki mwa ziwa letu, na huko ikawakuta Wangoni wengine, wa ukoo wa Maseko, waliokwisha kutangulia. Miaka ya 1860 wakapigana wao kwa wao. Wamaseko wakasukumwa kusini, ng'ambo ya Ruvuma, na walioshinda wakabaki na nchi.

Humo zikasimama falme mbili: Mshope upande wa kaskazini, chini ya ukoo wa Tawete, na Njelu upande wa kusini, chini ya ukoo wa Gama. Songea Mbano alikuwa wa Njelu.

Hakuwa mfalme. Nasisitiza hivyo kwa kuwa watu wengi, hata wenyeji wa mkoa huu, humwita chifu na kuishia hapo. Mfalme wa Wangoni ni nkosi, na unkosi wa Njelu ulikuwa wa akina Gama. Songea alikuwa nduna. Nduna alikuwa na kijiji chake na mashamba yake. Alisikiliza kesi za ng'ombe, za mahari na za uchawi. Wakati wa vita aliita vijana kwa rika zao, akawaongoza, na waliporudi akagawa nyara. Nkosi alimhitaji nduna ili awe na jeshi, na nduna alimhitaji nkosi ili jeshi lake lihesabiwe kuwa la nchi, lisiwe la wanyang'anyi. Mhimili wa siasa za Njelu ulikuwa hapo, na wenye akili waliujua. Kadiri miaka ilivyopita nguvu zilizidi kuhamia mikononi mwa manduna, na miongoni mwao Songea akawa mkubwa kiasi kwamba wageni waliofika Ungoni walilijua jina lake kabla ya jina la nkosi. Wamisionari wa Kiingereza waliliandika kwa masikio yao: Sonjela.

Ukubwa wa nduna ulipimwa kwa watu. Ardhi ilikuwa tele, ng'ombe walikufa kwa ndorobo na maradhi, lakini mtu aliyetekwa angali mdogo alikua, akaoa, akazaa, na uzao wake wote ukawa nguvu ya nyumba iliyomteka. Kijana wa mateka alipewa ngao ya ngozi ya ng'ombe, rungu, na ule mkuki mfupi wa kuchomea, usiorushwa. Akafundishwa kusogea na kikosi hadi ajione uso kwa uso na adui. Mateka na wazao wao waliitwa wasutu, tofauti na wale waliojiita Wangoni halisi wa kutoka kusini. Lakini msutu aliyepigana vizuri alipanda cheo. Baada ya kizazi kimoja au viwili wengi wa askari wa Ungoni walikuwa wana wa watu waliotekwa humu njiani: Wandendeule, Wapangwa, Wamatengo, Wanyasa na wengine. Hata lugha ya kusini ilianza kufa vinywani mwao, kwa sababu watoto hunyonya lugha ya mama, na mama walikuwa wa hapa hapa. Kingoni kinachosemwa Songea leo kimesheheni maneno ya Kibantu cha nchi hii.

Sasa tushuke ziwani. Wazungu waliopita na boti zao kwenye Nyasa miaka ya 1870 waliona kwenye pwani hii ya mashariki jambo lililowashangaza: vijiji vilivyojengwa ndani ya maji, nyumba zimesimama juu ya nguzo na mitumbwi imefungwa chini yake kama mbuzi. Wengine walijibana kwenye visiwa vya mawe, ambako hapakuwa na udongo wa kupanda hata mche wa muhogo. Hakuna mvuvi anayelala juu ya nguzo kwa hiari, katika ziwa ambalo upepo wa mwera hulipandisha usiku mmoja likatisha hata wazee. Waliishi hivyo kwa kuwaogopa Wangoni, ambao watu wa ziwani na Wayao waliwaita Magwangwara. Wangoni hawakuwa watu wa mitumbwi, na maji yalikuwa ukuta pekee ambao mkuki mfupi haukuweza kuuvuka.

Wamatengo nao walipanda juu. Walijificha kwenye mapango na kulima miteremko mikali ambayo mgeni akiitazama hudhani haishiki hata jiwe. Kilimo chao cha ngolo hadi leo kinaonyesha ugumu wa maisha yale: nyasi zinafyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana ili kufanya miraba, udongo unachimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi, na kilima kizima kinabaki na mashimo kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha maji yanatulia kwenye mashimo badala ya kuteremka na udongo, na maharage na mahindi yanaota kwenye kingo. Ustadi huo wataalamu wa kilimo huja kuutazama kutoka mbali. Watu waliobanwa kwenye majabali na vita walilazimika kula kutokana na majabali.

Mwezi Septemba 1882 jeshi la Ungoni lilifika hata Masasi. Pale, tangu mwaka 1876, Askofu Steere wa misheni ya UMCA alikuwa amewakalisha watumwa waliokombolewa Unguja ili waanze maisha upya karibu na nchi zao. Kijiji kilichomwa na watu wakachukuliwa. Ukiwafikiria mateka wale moyo unauma: mtu aliyeuzwa utotoni, akavushwa bahari, akaachiwa huru, akajenga nyumba na kupanda mtama wake, anafungwa kamba mara ya pili na kupelekwa magharibi. Padri mmoja wa Masasi, Porter, alifunga safari hadi Ungoni kujaribu kuwakomboa, na wamisionari wengine wakafuata njia hiyo miaka iliyofuata. Songea aliwapokea. Aliwasikiliza, akapima faida ya urafiki wao kama alivyopima faida ya urafiki wa wafanyabiashara wa Kilwa, waliokuja na nguo, shanga, baruti na bunduki na kuondoka na pembe za ndovu na watu.

Hapa ndipo ninapomwona mwanasiasa. Jeshi la Njelu lilikuwa limekwisha kujua mipaka yake. Kati ya 1878 na 1882 Wangoni walipigana na Wahehe, kwanza wa Munyigumba, baadaye wa Mkwawa, na hakuna aliyemvunja mwenzake. Upande wa kusini, mfanyabiashara Rashid bin Masoud alikuwa amejenga ngome yake Kikole na kuwa na bunduki za kutosha kumfanya nduna yeyote afikiri mara mbili. Kati ya nguvu hizo Songea alihitaji kujua nani wa kupiga, nani wa kupokea zawadi zake, na nani wa kumwacha apite. Alilitawala eneo lake chini ya milima ya Matogoro, yanakoanzia maji ya Ruvuma, na kijiji chake kikawa mahali ambapo kila msafiri alilazimika kusimama.

Kwa sababu hiyo Wajerumani nao walisimama hapo hapo.

Mwaka 1897 Luteni Engelhardt alifika na askari wake, akawaita wakubwa wa Ungoni kwenye baraza. Walikuja na watu wao. Walipokwisha kukusanyika walijikuta wamezungukwa na bunduki, na kabla ya jua kuzama walikuwa wamekubali kutawaliwa. Jeshi lililoogopwa kutoka Nyasa hadi karibu na bahari lilishindwa bila pigano la maana, kwa hila ya mkutano. Boma likajengwa kwenye nchi ya nduna, na Wajerumani wakaliita kwa jina lake. Kuanzia hapo Songea mtu na Songea boma walikaa jirani kwa miaka minane, wakitazamana.

Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, rupia 3. Mwaka huo huo Wabenediktini wakiongozwa na Padri Cassian Spiss walianzisha misheni Peramiho. Vita vya kuteka vilikatazwa, na kwa upande wetu wa ziwa hilo lilikuwa jambo la kushukuru: watu walirudi nchi kavu, wakalima bila kuweka mlinzi kilimani. Ni lazima niliandike hilo waziwazi. Lakini kwa nduna ilikuwa kukatwa mikono. Mateka walianza kuondoka, wengine kwenda misheni, wengine pwani kutafuta rupia. Kesi alizokuwa akizikata chini ya mti wake sasa zilikatwa bomani. Mtu aliyezoea kugawa nyara akawa anasaidia kukusanya kodi ya mwingine. Na huko Maposeni, karibu na Peramiho, padri alichoma nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa Gama, mahali ambapo mfalme alizungumza na waliomtangulia. Ukitaka kujua kwa nini Njelu iliingia vitani, anzia kwenye majivu ya nyumba hiyo. Kodi inaweza kulipwa kwa manung'uniko, lakini mfalme aliyechomewa mizimu yake atasema nini mbele ya watu wake?

Vita vya Majimaji vilianza kwa Wamatumbi mwezi Julai 1905. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa dawa ya maji, alinyongwa tarehe 4 Agosti, lakini maji yalikuwa yamekwisha kutembea. Yaliletwa Ungoni mwezi huo na Omari Kinjala. Yalikuwa na ahadi ambayo askari wa mkuki mfupi alikuwa akiisubiri tangu siku ya baraza la Engelhardt: kwamba risasi itageuka maji, na vita virudi kuwa mtu kwa mtu, ngao kwa ngao. Nkosi Chabruma wa Mshope aliyapokea. Mputa aliyapokea. Songea aliyapokea.

Septemba walishambulia, na misheni ya Peramiho ikachomwa. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba, Kapteni Nigmann, aliyekuwa ametoka Iringa, aliivamia kambi ya Wangoni karibu na Namabengo wakiwa bado wamelala. Maelfu walikuwa pale. Bunduki za rashasha zikafanya kazi yake, na waliokimbia walizitupa chupa za dawa njiani wakilia kwamba maji ni uongo. Mwishoni mwa Novemba Meja Johannes akafika Songea kutoka Kilwa na kikosi kikubwa. Kuanzia hapo Wajerumani hawakutafuta mapigano tena. Walitafuta maghala. Walichoma vihenge, walikata mazao shambani, walichukua mifugo, wakajua kwamba watu wasio na chakula watatoka wenyewe porini.

Songea alijificha vilimani. Mapango ya Chandamali, nje kidogo ya mji, bado yanatajwa kuwa maficho yake, na wageni hupelekwa kuyaona. Januari 1906 wakubwa wa Njelu walikamatwa mmoja baada ya mwingine. Mahakama ya kijeshi haikuchukua muda. Padri Mbenediktini aliwatembelea kifungoni, na wengi wakabatizwa kabla ya siku yao. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa: Nkosi Mputa Gama, manduna, majumbe, na mwanamke mmoja, Nkomanile, aliyekuwa mtawala katika eneo lake na aliyeyapokea maji pamoja na wanaume. Walifukiwa katika kaburi moja.

Songea hakuwamo siku hiyo. Masimulizi ya Songea yanasema Wajerumani walitaka kumbakiza, kwa sababu waliona mtu wa namna yake angewatuliza watu, naye akakataa kuishi baada ya wenzake, akadai auawe kama wao. Siku chache baadaye aliuawa, na akazikwa peke yake. Familia yake na watu wa mji wanaeleza kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kipindi kile mafuvu ya Waafrika yalisafirishwa kwa mamia kwenda kwenye makumbusho na vyuo vya huko, yakapimwa, yakapewa namba na kupangwa kwenye makabati.

Chabruma alivuka Ruvuma, akaingia upande wa Wareno, na huko akauawa. Nchi aliyoiacha ililiwa na njaa. Katika vita vyote vya Majimaji serikali ya Kijerumani ilikadiria watu 75,000 walikufa. Wanahistoria wa baadaye wanataja 250,000 hadi 300,000. Wengi hawakuguswa na risasi. Walikufa wakichimba mizizi.

Makumbusho ya Majimaji mjini Songea yamejengwa pale walipozikwa. Kaburi la pamoja ni refu, na kaburi la nduna liko mbali nalo kidogo. Zipo sanamu za wakubwa walionyongwa, na kila mwaka tarehe 27 Februari watu huja na ngoma, na wazee huvaa ngozi na kushika ngao. Mara nyingi niko upande wa watazamaji, mtu wa ziwani mwenye mababu waliolala juu ya nguzo, na zamani nilidhani sherehe ile si yangu.

Nilibadili mawazo nilipoelewa jeshi lile lilivyoundwa. Ikiwa sehemu kubwa ya askari wa Ungoni walikuwa wana wa mateka, basi katika waliouawa Namabengo, na pengine katika kaburi lile refu, wamo watoto wa wanawake waliochukuliwa kwenye fukwe zetu na kwenye miteremko ya Umatengo. Mama zao walichukuliwa na jeshi la Songea, wao wakakulia katika jeshi la Songea, wakafa nalo. Nduna aliyewatia hofu babu zetu alikwenda kitanzini na wajukuu zao nyuma yake. Siwezi kumlilia nikasahau vijiji vya majini, wala siwezi kuvikumbuka vijiji hivyo nikampa kisogo, maana damu iko pande zote mbili.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho hayo. Alikutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo nchi yake iliwatenda watu wa hapa, na akaahidi kwamba Ujerumani itasaidia kulitafuta fuvu. Alieleza pia kwamba kulipata ni kazi ngumu, kwa kuwa mabaki mengi huko hayana jina. Familia ilimsikiliza. Wanachokitaka ni kitu chepesi kukieleza: walitie fuvu kaburini, kaburi lifungwe, wazee waseme maneno yanayosemwa mtu akizikwa.

Basi la Lituhi hufika mjini mchana. Magunia ya usipa yanashushwa stendi, wanawake wanabishana bei na wachuuzi, na mwendo mfupi kutoka hapo mlinzi wa makumbusho anafagia majani yaliyoanguka juu ya kaburi la nduna, lile dogo lililo peke yake.